Kadi Kutoka Mombasa

Mazungumzo yaliyosomwa redioni. Somo: Wagalatia 6:1-11

Popote mlipo asubuhi hii, jikoni mkiota moto, njiani kwenda kazini, au kitandani hospitalini, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Leo tunataka kuwasimulia habari za mtu ambaye tulijuana naye kwa miaka minne bila kuonana naye hata siku moja. Tulimjua kwa mwandiko wake tu. Na habari zake si za kujisifu kwetu, bali ni za kujikumbusha kosa letu, ili wewe unayesikia usije ukalifanya.

Tulikuwa walimu watatu katika shule moja ya milimani. Jioni zilikuwa baridi, taa ya umeme haikuwako, na baada ya kusahihisha madaftari tulikuwa na mchezo mmoja wa kujiburudisha, nao ni sataranji, ambao vijana huuita chesi. Wengi wenu mnaijua dama, ile inayochezwa sokoni kwa vifuniko vya soda. Ubao wa sataranji ni kama ule, una miraba 64. Lakini kete zake si za namna moja. Kila upande una kete 16: yuko mfalme, yuko malkia, wako maaskofu wawili, farasi wawili, ngome mbili, na askari wanane wa mbele. Malkia ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Akipotea yeye bure, mara nyingi mchezo umekwisha.

Basi, sisi watatu tulichezana mpaka kila mmoja akajua hila zote za mwenzake. Mwaka 1981 tukaona tangazo dogo gazetini. Mzee mmoja wa Mombasa, karani mstaafu, alikuwa akitafuta mtu wa kucheza naye sataranji kwa njia ya posta. Tukamwandikia. Tukamwambia ya kwamba sisi ni watatu, tutashauriana na kumjibu kama mtu mmoja. Akatujibu hivi: "Walimu wangu, ama baada ya salamu, watatu kwa mmoja si haki, lakini mimi nina wakati mwingi kuliko ninyi. Karibuni."

Huenda mtu akauliza, mchezo utachezwaje kwa barua? Ni rahisi. Kila upande una ubao wake nyumbani. Ukisogeza kete, unamwandikia mwenzako kwenye kadi ya posta, naye anaisogeza kwake, anafikiri, kisha anajibu. Na ili watu wa lugha mbalimbali waelewane, wachezaji wa namna hii hutumia namba tupu. Kila mraba una namba mbili. Ya kwanza ni ya mstari wa kusimama, ukihesabu kutoka kushoto kwa mwenye kete nyeupe. Ya pili ni ya mstari wa kulala, ukihesabu kutoka upande wake yeye. Ukiandika 5254, maana yake ni askari aliye mbele ya mfalme amekwenda hatua mbili. Mjerumani ataelewa, Mrusi ataelewa, na mwalimu wa milimani Kenya ataelewa.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1824 chama cha mchezo huu cha London na kile cha Edinburgh huko Uskoti vilianza kushindana kwa barua. Vikaendelea mpaka mwaka 1828, na watu wa Edinburgh wakashinda. Mwaka 1951 kikaundwa chama cha dunia nzima cha wanaocheza kwa barua, na wito wake kwa lugha ya Kilatini maana yake ni kwamba sisi ni marafiki. Bingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo wa barua alikuwa Cecil Purdy wa Australia, mtu aliyezaliwa Port Said, Misri, mwaka 1906. Na Paul Keres wa Estonia, aliyekuwa mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa karne iliyopita, alikulia katika mji mdogo wa Pärnu. Huko hakupata watu wa kutosha wa kushindana naye, kwa hiyo alipokuwa kijana alicheza kwa barua, na kuna wakati alikuwa na michezo kama 150 kwa mara moja. Fikiri juu ya kijana huyo, upweke wake, na kadi zile zikimjia kutoka nchi za mbali! Siku hizi wengi wa wachezaji hao hutumia intaneti, na jibu hufika kabla chai haijapoa. Lakini zamani zile ilikuwa ni stempu na subira.

Kadi yetu ilichukua kama siku tano kufika Mombasa. Jibu lake likachukua siku tano nyingine kurudi. Ukiongeza siku za kufikiri, ilikuwa karibu majuma mawili kwa kila hatua moja. Mchezo wa kwanza ulichukua zaidi ya mwaka, na Mzee akatushinda. Mchezo wa pili tulitoka sare. Katika muda huo wote kadi zake zilikuwa na namba nne juu, na chini yake maneno machache. Aliandika habari za mvua ya pwani, za bei ya samaki, za mjukuu wake aliyeanza shule. Yeye alikuwa Mwislamu, na mwezi wa Ramadhani mmoja alituandikia akisema, "Jihadharini, akili ya mtu aliyefunga ni nyepesi, leo naona mbali." Tulicheka sana. Na kweli, hatua ile ilitugharimu farasi.

Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mdogo, umenyooka, wa karani wa zamani aliyefundishwa kuandika kwa kalamu ya wino. Sisi walimu tuliwaonyesha wanafunzi wetu kadi zake, tukisema, "Tazameni, hivi ndivyo mtu anavyoandika."

Mchezo wa tatu ulianza mwezi wa Septemba mwaka 1983. Safari hii yeye alikuwa na kete nyeupe. Na hapa, ndugu wapenzi, ndipo tunapoomba mtusikilize kwa makini.

Mwanzoni mwa mwaka 1984 namba zake zilianza kuwa kubwa. Kadi ambayo zamani ilibeba maneno 40 sasa ilibeba namba nne na neno moja, "Salaam." Mistari ikapanda na kushuka kama njia ya mlimani. Mara nyingine namba zilipandana. Sisi tuliona. Tusiseme hatukuona! Mmoja wetu hata alitania akasema, "Mzee amenunua kalamu ya kupakia rangi." Tukacheka, tukasogeza kete, tukajibu.

Mwezi wa Juni ikaja kadi yenye namba hizi: 4147. Tuliitazama kadi, tukatazama ubao, tukatazamana. Kwa namba hizo, malkia wake alikuwa ametoka nyumbani kwake na kwenda kusimama mbele ya ngome yetu, bila mlinzi, bila sababu. Mtoto anayejifunza mchezo hangefanya hivyo. Aliye mdogo kati yetu akasema, "Ndugu, hili si kosa la kufikiri. Alitaka kuandika 4174. Akiwa pale angetubana vibaya sana. Amegeuza namba mbili za mwisho. Tumwulize."

Sasa, kanuni ya mchezo wa barua iko wazi. Hatua ukiisha kuiandika na kuitia posta, ikiwa ni hatua inayoruhusiwa, imekwisha. Hairudi. Hata kama mkono uliteleza, ni yako. Sisi wawili wakubwa tulimjibu mwenzetu, "Kanuni ni kanuni. Yeye mwenyewe angetufanyia hivyo hivyo." Tukaandika 4847, yaani ngome yetu imemla malkia. Jioni ile tulichemsha chai na kuagiza mandazi, tukafurahi. Kwa miaka mitatu tulikuwa hatujamshinda.

Baada ya majuma mawili kadi yake ikarudi, yenye herufi kubwa: "Nakubali kushindwa. Hongera." Hakutaja kosa lake. Hakulalamika. Wala hakuanza mchezo mwingine. Na sisi je? Tulisema, "Bila shaka ataandika akiwa tayari." Muhula ukaisha, ukaja mwingine, mitihani ikaja, tukazama katika kazi. Kwa miezi minane hatukumwandikia hata salamu.

Mwezi wa Machi mwaka 1985 ilikuja bahasha badala ya kadi. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine. Ilitoka kwa binti yake. Alitujulisha ya kwamba baba yake amefariki dunia. Akatueleza ya kwamba macho yake yalianza kufifia zaidi ya mwaka mmoja kabla, na mwishowe hakuona ila mwanga tu. Mjukuu alimsomea kadi zetu, naye akacheza kwa kupapasa kete kwa vidole. Lakini kuandika hakukubali aandikiwe. Alisema mchezo ni wake, na mkono utakuwa wake.

Binti akaendelea kusema ya kwamba siku ile kadi yetu ya 4847 ilipofika na kusomwa, Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Walimu wamefuata kanuni. Ila nilidhani wangeuliza kidogo."

Wapenzi wasikilizaji, tumehubiriwa mahubiri mengi maishani mwetu. Lakini hakuna lililotuchoma kama neno hilo dogo, "ila." Hakusema tumemwibia. Hakusema tumekosa sheria. Alisema alidhani tungeuliza. Yaani, kwa miaka mitatu ya kadi alikuwa amejiwekea moyoni kwamba ana marafiki watatu milimani, na siku mkono wake ulipoteleza, marafiki hao wangeshituka na kusema, "Mzee wetu, kuna nini?" Nasi tulikula mandazi.

Hebu sasa tufungue somo letu, Wagalatia sura ya sita. Tunaipenda sura hii kwa sababu ya mstari wa pili, ambapo mtume Paulo anatuagiza tubebane mizigo, na kwa kufanya hivyo tutaitimiza sheria ya Kristo. Mstari huo tunaujua kwa moyo. Lakini wangapi wetu tumesimama kwenye mstari wa kumi na moja? Hapo Paulo anawaonyesha Wagalatia ukubwa wa herufi anazoandika kwa mkono wake mwenyewe.

Zamani hizo ilikuwa desturi kumsomea mwandishi, naye akaandika. Waraka kwa Warumi uliandikwa hivyo, na mwandishi wake, Tertio, anajitaja mwenyewe katika sura ya kumi na sita. Lakini mwishoni mwa barua kwa Wagalatia, Paulo ameshika kalamu mwenyewe, na herufi zake ni kubwa. Wako wanaofafanua kwamba alikuwa akitia mkazo. Wako wengine wanaofikiri macho yake yalikuwa mabovu, kwa maana katika sura ya nne anawakumbusha Wagalatia ya kwamba zamani walimpenda kiasi cha kuwa tayari kumpa macho yao wenyewe kama ingewezekana. Vyovyote iwavyo, hili ni hakika: Paulo alitaka wasomaji wake watazame si maneno tu, bali na mkono ulioandika. Nyuma ya fundisho yuko mtu. Nyuma ya wino kuna kidole kilichochoka.

Sisi tulipewa herufi kubwa kwa miezi sita. Tulisoma namba, hatukumsoma mtu.

Tena tazameni ya kwamba katika sura hiyo hiyo, mstari wa kumi, Paulo anaagiza tuwatendee mema watu wote, ingawa watu wa nyumba ya imani wana mahali pao pa pekee. Watu wote! Mzee wetu hakuwa wa kanisa letu, wala hatukuwa tumebishana naye juu ya dini hata mara moja. Lakini alikuwa jirani, na Bwana Yesu alipoulizwa jirani ni nani, hakujibu kwa kutaja kabila wala dini. Alijibu kwa mfano wa mtu aliyesimama njiani wakati wengine walipita. Sisi tulikuwa wale waliopita. Kuhani na Mlawi nao labda walikuwa na kanuni zao nzuri za kuwapitisha upande wa pili.

Si kwamba kanuni ni mbaya. Bila kanuni hakuna mchezo, wala hakuna shule, wala hakuna serikali. Lakini ziko nyakati ambapo kanuni inakupa haki, na upendo unakuomba uisimamishe haki hiyo kidogo, angalau kwa muda wa swali moja. Swali letu lingetugharimu kadi moja na stempu moja. Pengine angejibu, "La, mmeona vema, nilikosea, lakini chukueni malkia." Tungemchukua kwa amani. Au tungemwacha arudishe hatua yake na kutushinda mara ya pili. Kushindwa huko kungekuwa na hasara gani? Leo hatukumbuki utamu wa ushindi ule hata kidogo. Tunachokumbuka ni mandazi yale, na yanatukwama kooni.

Lakini, ndugu wapenzi, Mungu ni mwema, naye hakutuacha hapo. Ndani ya bahasha ile ya binti yake mlikuwa na vitu vingine. Mlikuwa na stempu tatu ambazo hazijatumika. Na mlikuwa na kadi moja yenye anwani yetu, iliyoandikwa kwa mkono unaotetemeka, namba kubwa zinazojaza kadi nzima: 5254. Ni hatua ya kwanza. Ni mwanzo wa mchezo mpya. Alikuwa ameuandika, na kifo kikamkuta kabla haujatiwa posta. Mtu tuliyemtendea kwa baridi alikuwa tayari ameweka kete zote upya kwenye ubao.

Je, si hivyo anavyotutendea Mungu? Sisi tukingali tunafurahia mandazi yetu, yeye amekwisha kuandika mwanzo mpya. Hatustahili, wala hatukuomba. Tunachotakiwa ni kujibu.

Likizo ya Aprili wawili kati yetu tulipanda gari la moshi kutoka Nairobi usiku, tukafika Mombasa asubuhi. Tulikwenda kutoa rambirambi. Tuliketi mkekani pamoja na jamaa, tukapewa kahawa chungu na tende, na tukakiri mbele ya binti yake kosa letu. Hakutukemea. Alisema, "Baba aliwapenda. Kadi zenu zote zimo sandukuni." Ndipo akaja mjukuu, mvulana wa darasa la tano, amebeba ubao chini ya kwapa. Akatuuliza kwa adabu, "Shikamooni walimu. Babu aliwapelekea 5254. Jibu lenu lilikuwa nini?"

Tulitazamana. Tukamwambia, "Jibu letu ni 5755." Naye akakaa chini, akaisogeza kete, akaanza kufikiri.

Mchezo ule ulimalizika kwa kadi za posta, yeye pwani na sisi milimani, na mingine ikafuata mpaka alipomaliza darasa la nane mwaka 1988. Na tangu siku ile tulijiwekea desturi moja. Kila kadi tuliyoandika ilikuwa na namba juu, na chini yake swali, "Hujambo? Mama hajambo? Macho yako yako salama?" Yeye alicheka akatujibu kwamba macho yake ni mazima. Lakini tuliuliza. Tulijifunza kuuliza.

Sasa wewe unayesikia, huenda hujui sataranji, wala huna haja nayo. Lakini unapokea kadi kila siku. Jirani yako aliyekuwa akija ibadani kila Jumapili, sasa anakuja mara moja kwa mwezi na kuketi nyuma. Hiyo ni namba kubwa. Mtoto wako aliye shuleni aliyekuwa akikuandikia mambo mengi, sasa ujumbe wake kwenye simu ni wa neno moja. Mfanyakazi mwenzako ambaye hesabu zake hazikukosewa kwa miaka kumi, juma hili amekosea mara mbili, na kanuni ya ofisi inakupa haki ya kumshitaki. Dada yako amekujibu kwa ukali usio wa kawaida yake. Kabla hujala malkia, uliza kidogo.

Usiseme, "Ningejuaje?" Sisi tulijua vya kutosha kufanya mzaha. Anayeweza kutania juu ya mwandiko wa mtu ameuona mwandiko huo. Basi na aulize.

Na kama liko kosa la namna hii nyuma yako, na mtu yule hayuko tena wa kuombwa radhi, usikae ukijipiga kifua tu. Nenda kwa Mungu, ukaungame. Kisha tafuta kama yuko mjukuu. Yaani, tafuta kama yuko mtu aliyebaki, ambaye unaweza kumtendea leo lile ulilokosa kulitenda jana. Mara nyingi yuko, naye amebeba ubao chini ya kwapa, anangoja jibu.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe hutazami makosa ya mkono wetu peke yake, watazama na jicho lililofifia nyuma yake. Tusamehe kwa kuwa tumesoma barua za wenzetu bila kuwasoma wao. Tupe macho ya kuona, na ulimi wa kuuliza, na moyo wa kuchukua mzigo tutakaopewa katika jibu. Wafariji waliofiwa, hasa wale ambao wafu wao walikuwa rafiki zetu kwa mbali. Na utuwezeshe leo kuujibu mwanzo mpya uliotuandikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.